Miaka Tisa Kwenye Gari la Uwanja wa Ndege

Kama umewahi kupanda gari la uwanja wa ndege pale Kabwe, Mbeya, basi Marcelino Kalinga umemwona, ila humkumbuki. Alikuwa kiti cha tatu upande wa kushoto, dirishani. Koti la kijivu, shati lililofungwa vifungo mpaka shingoni, sanduku la kahawia limesimama katikati ya magoti, na kwenye mpini wa sanduku kuna ile karatasi ndefu nyeupe wanayobandika kwenye mizigo ya ndege. Ulichungulia ndani ukamwona anatazama saa ya mkononi, kisha anashusha pumzi polepole kama mtu mwenye shughuli zake, ukajisemea kwamba mheshimiwa kama huyu hawezi kupanda gari la kuchelewesha watu. Ukapanda. Baada ya muda ulipogeuka, hakuwepo. Ulidhani amekwenda kununua maji.

Hakwenda kununua maji. Alikuwa kazini, na kazi yenyewe ilikuwa wewe.

Gari lile ni koasta ya viti ishirini na nane. Kwenye kioo cha mbele limeandikwa HATUCHELEWI kwa herufi nyekundu, na haliondoki mpaka lijae. Hakuna mtu pale stendi anayeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Shida ni kwamba abiria wa ndege si sawa na abiria wa Mbalizi. Wa Mbalizi akichelewa, amechelewa tu, atafika. Wa ndege anaachwa. Kwa hiyo akiona gari tupu hapandi ng'o, anatafuta teksi, na gari lililomkosa abiria wa kwanza haliwezi kumpata wa pili. Ndipo wenye magari wakaona dawa ni kuweka watu ndani wakae kama abiria, mpaka abiria wenyewe waje. Anapoingia mmoja wa kweli, mmoja wa uongo anashuka taratibu na kiti kinapata mwenyewe. Stendi nzima wanawaita chambo.

Kila gari lina chambo wake. Gari la Chunya lilikuwa na jamaa anayekaa na sururu na kofia ngumu ya wachimba dhahabu. La Ubaruku lilikuwa na mzee aliyepakata kiroba cha mchele tangu asubuhi hadi jioni, mchele uleule, mwaka wa tatu sasa. Kwenye gari la uwanja wa ndege alikuwepo mama mmoja anaitwa Bertha, ambaye yeye kazi yake ilikuwa kuongea na simu. "Ndiyo mwanangu, tunatoka sasa hivi, gari imejaa, mwambie rubani mama yuko njiani." Simu yenyewe haikuwa na betri. Lakini wote hao, Bertha mwenyewe alikiri, walikuwa wanafunzi tu mbele ya Marcelino, ambaye hakuwahi kusema neno hata moja.

Marcelino alizaliwa Mlandege, Iringa mjini, mtoto wa mwisho, na alikuwa na haya tangu siku ya kwanza. Kwenye picha ya darasa la saba, ukiitafuta vizuri, utaona sikio lake. Masomo yakaishia hapo. Alikwenda Mafinga kupasua mbao, lakini kule mti ukianguka lazima upige kelele wenzako wakimbie, na yeye alikuwa anaona tabu kuwasumbua watu. Wakamshauri kwa upole atafute kazi nyingine kabla hajaua mtu. Akaja Mbeya kuuza viazi Mwanjelwa. Viazi vyake vilikuwa vizuri, lakini mtu anayeuza viazi bila kuita wateja huwa mlinzi wa viazi.

Siku moja mvua ilimkuta Kabwe. Alikuwa anatoka kwenye mazishi, amevaa koti lake la kanisani, akaingia kwenye koasta tupu ajikinge. Kabla hajakaa sawasawa wakaingia watu saba nyuma yake, kisha wanne, na robo saa haikuisha gari likajaa. Konda, kijana wa Kisukuma aitwaye Kulwa ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, akasimama mlangoni na mdomo wazi.

"Mzee, wewe unaenda wapi?" akamuuliza.

"Siendi. Nakinga mvua."

Kulwa akawatazama wale abiria, akamtazama tena yeye. "Basi kesho uje ukinge tena," akasema, "hata kama hainyeshi."

Ndivyo alivyoajiriwa. Imepita miaka tisa sasa, na Kulwa ameota kitambi. Katika miaka hiyo Marcelino amesafirisha, kwa hesabu ya Kulwa, watu wa kujaza mji mdogo. Yeye mwenyewe uwanja wa ndege hajawahi kuuona. Angeuona vipi? Kazi yake inaisha pale gari linapowaka.

Tatizo lilianzia Mlandege. Alikwenda kumzika baba yake mdogo, na jioni watu wakakaa wanaulizana habari. Mmoja akamgeukia. "Na wewe Marcelino siku hizi uko wapi?" Macho yote yakamgeukia. Marcelino akatazama viatu vyake, akasema, "Niko Mbeya. Kwenye mambo ya uwanja wa ndege."

Neno lenyewe halikuwa uongo. Lakini watu walilipokea wakalilea wenyewe. Mwaka wa kwanza ilisemekana anafagia ndege. Wa pili, anazipungia vile vibao zishuke salama. Wa tatu, haishuki ndege mpaka Kalinga aruhusu. Jumuiya ya kanisani Mlandege wakawa wanamwombea kila Jumamosi, na hali ya hewa ikiwa mbaya wanamwombea mara mbili. Vijana wakaanza kumtumia barua za kuomba kazi. Alikuwa nazo sita. Alizihifadhi ndani ya lile sanduku, juu ya maganda ya mahindi yaliyolifanya lionekane limejaa. Kila mwaka alikusudia kurekebisha, na kila mwaka alikuta jambo limekua kuliko yeye.

Aliyeamini kuliko wote ni dada yake, Severina, aliyemlea Marcelino baada ya mama yao kufariki. Severina alikuwa Dar es Salaam miezi miwili kwa mwanawe Boniface, na Boniface akamkatia tiketi ya ndege ya kumrudisha nyumbani. Severina akaulizwa ashukie uwanja wa Nduli, pale pale Iringa, au wapi?

"Nishukie Nduli kwa nani?" Severina alimpigia Marcelino simu kumweleza. "Nikamwambia Boniface, baba, mimi nina mdogo wangu ana uwanja mzima Mbeya. Nitashukia kwake, anipokee, nimwone akiwa kazini, halafu Iringa nitakwenda na basi. Alhamisi, saa nne na nusu, nitavaa kitenge cha bluu. Mimi sijawahi kupanda hicho kitu, Marcelino. Nikitoka mlangoni nisipokuona nitarudi ndani."

"Nitakuwepo, dada," alisema Marcelino.

Mkewe, Sabina, alikuwa anachambua mboga. Alisikia yote. "Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikishamwona. Kwanza niwepo."

Hilo ndilo aliloling'ang'ania wiki nzima. Mambo mengine yangejulikana baadaye. Kwanza awepo pale mlangoni dada yake akitoka.

Alhamisi alifika Kabwe saa moja na nusu, akiwa amenyolewa. Teksi ingemmalizia akiba ya mwezi. Bodaboda ingemfikisha, lakini asingeweza kumrudisha mama wa miaka sitini na nane na mizigo yake kwa pikipiki. Na kusema kweli alitaka kupanda gari lile. Nani alilijua kuliko yeye? Akaingia, na miguu yake ikampeleka yenyewe kiti cha tatu, kushoto, dirishani.

"Kaka Kalinga, leo umewahi," alisema Kulwa.

"Leo nakwenda."

"Nenda, kaa."

"Nimeshakaa. Nakwenda kweli, Kulwa. Uwanjani. Dada yangu anashuka saa nne na nusu."

Kulwa akatabasamu taratibu, kama mtu aliyeonjeshwa kitu kitamu. "Hiyo nzuri. Dada. Imetulia sana hiyo. Wakiingia watu uirudie, ila kwa sauti."

Marcelino akatoa nauli akampa. Hapo napo pana utaratibu wake. Chambo naye hulipa nauli mbele za watu, tena kwa fedha ya konda mwenyewe, ili wageni waone wenzao wanalipa. Konda huinua noti juu, kisha akipita nyuma huirudisha kimyakimya. Kulwa akaiinua noti ya Marcelino. "Mzee ameshalipa, jamani, nauli mkononi." Akapita nyuma, akamchomekea mfukoni mwa koti. Marcelino akaitoa tena. Kulwa akaiinua, akairudisha. Mara ya tatu mama mmoja abiria akamtazama Marcelino kwa huruma, akidhani nauli ya wazee ndiyo ilivyo.

Watu wakaanza kuingia, na hilo lilimpa matumaini. Siku hiyo Marcelino alikuwa na wasiwasi wa kweli, akawa anatazama saa kwa macho ya kweli na kushusha pumzi ya kweli, na chambo wa namna hiyo hajapata kuonekana Kabwe. Wapita njia waligeuka katikati ya barabara. Chambo wengine wakashuka mmoja mmoja. Bertha naye akakunja simu yake, akampisha bibi harusi na mabegi yake. Saa tatu na robo gari lilikuwa limejaa, viti ishirini na nane, pamoja na yeye. Marcelino akashika sanduku lake kwa mikono miwili. Dereva, Lusekelo, Mnyakyusa wa makamo asiyependa maneno, alikuwa ameinamia usukani amelala, maana yeye huamka mara moja tu, konda anapogonga bati.

Hapo akatokea bwana mmoja mwenye tai, anakimbia na mkoba.

Kulwa akagonga kioo cha kiti cha tatu kwa kidole. Mara tatu. Kwa lugha ya stendi maana yake ni: mzee, biashara imeingia, shuka. Kwa miaka tisa Marcelino alikuwa akisimama kabla ya pigo la tatu. Sasa hakusimama. Kulwa akagonga tena.

"Mzee," akasema kwa sauti ya adabu, ile wanayotumia kwa kazi hiyo, "si umesahau dawa zako dukani?"

"Sijasahau."

"Umesahau, mzee wangu. Wamenipigia."

"Sina dawa. Siumwi."

Abiria wakaanza kuingiwa na huruma. "Mzee, kachukue dawa," alisema yule mama wa noti. "Afya kwanza. Ndege zipo kila siku."

"Anaona aibu," alisema bibi harusi. "Baba yangu na yeye yuko hivyohivyo, presha anaiita uchovu."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo," alisema Kulwa, "wa kusahau. Kaka Kalinga, tusaidiane, bwana huyu ana ndege."

Marcelino akasikia joto linampanda masikioni. Watu ishirini na saba walikuwa wanamtazama yeye, jambo alilolikwepa tangu picha ya darasa la saba. Akawaza mlango asioujua, na dada yake anachungulia.

"Mimi ni abiria," akasema.

"Wote hapa ni abiria, mzee," alisema bwana wa tai.

"Hapana. Ninyi ni abiria. Mimi huwa si abiria. Huwa nawekwa hapa ili mpande, mkishapanda nashuka. Leo ndiyo mara ya kwanza nakwenda, kwa hiyo naomba nisishuke."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Halafu kijana mmoja wa nyuma akasimama. "Subirini. Mwezi wa nane nilipanda gari hii kwa sababu ya huyu mzee. Nikakaa saa mbili. Nikaachwa na ndege."

"Kwa hiyo tumekaa hapa kwa ajili ya sanduku la maigizo?" aliuliza bwana wa tai, ambaye hata hakuwa amekaa.

"Na wewe?" mama wa noti akamgeukia jirani yake. "Wewe ni wa kweli?"

"Nina tiketi."

"Nionyeshe."

Ikawa vurugu ya kimyakimya. Kila mtu alimtaka jirani yake athibitishe safari. Watu walionyeshana simu, vitambulisho, na mmoja alionyesha sindano za kisukari. Bibi harusi akasema kama ni uongo namna hii hata dereva si wa kweli, ndiyo maana hasemi wala haamki. Mmoja akashuka kutafuta teksi, wakamfuata watatu, wakamfuata wote. Kulwa alikimbia huku na huku akiapa kwa jina la mama yake, lakini nani amwamini konda saa hiyo? Mpaka saa nne kasoro robo, ndani ya gari alibaki mtu mmoja. Kiti cha tatu, kushoto.

"Umeniua, kaka Kalinga," alisema Kulwa akiwa ameshika kiuno.

"Twende basi, Kulwa."

"Twende na nani? Gari haijajaa."

Mvua ikaanza. Bodaboda wote wakaegesha pikipiki chini ya paa la kibanda cha chips, wakakataa hata kusikiliza bei. Marcelino alimpigia Severina, akaambiwa simu haipatikani. Akarudi kukaa. Kulwa akaenda kutafuta abiria wapya kwenye magari ya Tukuyu, ambako habari haijafika. Ilipofika saa nne na nusu, juu ya mawingu kulipita muungurumo. Kwa miaka tisa alikuwa anausikia na hakuwahi kuinua kichwa. Sasa aliusikiliza ukielekea Songwe, uliko uwanja, mpaka ukaisha. Akavua saa yake, ambayo ilisimama zamani, akaiweka mfukoni.

Bertha ndiye aliyemwona. Alikuwa amejikinga na chambo wenzake chini ya turubai la muuza mitumba.

"Yule baba analia?" aliuliza mzee wa Ubaruku.

"Halii. Ila anakaribia," alisema Bertha. "Jamani, huyu katukalia miaka tisa. Nani hapa hajawahi kupata chakula kwa mgongo wake? Twendeni tukamkalie."

"Nilete na sururu?" aliuliza jamaa wa Chunya.

"Lete chochote."

Wakavuka tope mbio, wameinama. Wakaingia chambo wa uwanja wa ndege, wa Chunya, wa Ubaruku, wa Tukuyu, wa Kyela, na wauza karanga wawili waliokuwa wamechoka kulowa. Kila mmoja akakaa kwa ufundi wake: mwingine anapiga miayo, mwingine anajipepea na tiketi ya mwaka juzi, Bertha anaongea na simu.

Mtu mmoja, katika kujipenyeza na kiroba cha mchele, akagonga bati la gari kwa kiwiko.

Lusekelo akaamka. Akatazama kioo chake cha ndani, akahesabu vichwa. Ishirini na nane. Akawasha gari, akatoka.

Kulwa alilikuta kwenye geti la stendi, akadandia mlangoni maji yanamchuruzika. Akatazama ndani. Akatazama tena.

"Lusekelo, simama. Hawa ni wetu."

"Wamejaa hawajajaa?"

"Wamejaa, lakini wote ni chambo."

"Mimi niliambiwa likijaa nitoke," alisema Lusekelo akibadilisha gia. "Sikuambiwa niwaulize majina."

Basi lile lilikwenda. Wakapita Iyunga, wakapita Mbalizi, malori ya Tunduma yanawarushia maji. Watu walikuwa kimya, na kimya chao kilikuwa cha ajabu kidogo, kwa sababu karibu wote ilikuwa mara yao ya kwanza kuwa ndani ya gari linalotembea tangu waanze kazi ya magari. Mzee wa Ubaruku akaanza kusikia kichefuchefu. Jamaa wa Chunya aliuliza kama kawaida huwa linakwenda kasi hivi. Hakuna aliyejua.

Walifika saa sita kasoro robo. Mlinzi wa getini aliona mtu na sururu, mtu na kiroba, na mwanamke anayeongea na simu iliyofungwa kwa mpira wa ndala, akauliza ni msiba au ni mkutano. Kulwa akasema ni abiria. Kwa hasira, lakini alisema.

Marcelino aliteremka wa kwanza akakimbia na sanduku lake mpaka kwenye ule mlango. Alikuwa akiuwaza wiki nzima, na ulikuwa mlango tu wa kioo. Ndani binti mmoja alikuwa anapiga deki.

"Ndege ya kwanza, mama mmoja mtu mzima, kitenge cha bluu," alisema Marcelino akihema.

"Ile ya saa nne na nusu? Baba, wale walishatawanyika. Hata ndege yenyewe imesharudi."

"Hakurudi ndani?"

"Nani arudi ndani? Hairuhusiwi."

Alisimama hapo. Mvua ilikuwa imekatika na mlima ukaanza kuonekana kidogo. Akamwona dada yake katika mawazo, yuko barabarani na mizigo, anawauliza watu ofisi ya Kalinga. Halafu akageuka, akaona ng'ambo ya maegesho koasta nyingine, ndugu ya ile aliyokuja nayo, nayo imeandikwa HATUCHELEWI. Hiyo ndiyo inayopeleka watu mjini. Ilikuwa imeegeshwa hapo tangu asubuhi, kwa sababu nayo haiondoki mpaka ijae, na waliokuwa na haraka walishaondoka na magari ya ndugu zao.

Ndani walikuwemo watu wachache tu. Kiti cha tatu, kushoto, dirishani, alikaa mama mwenye kitenge cha bluu, mkoba mapajani, mgongo umenyooka, anatazama mbele kwa utulivu wa mtu mwenye shughuli zake. Bwana mmoja aliyekuwa anasitasita nje alimtazama yule mama, akapanda.

Marcelino akaingia, akasimama pembeni yake.

"Kamwene, dada," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene," alisema Severina. Hakugeuza kichwa. "Umechelewa."

"Nimechelewa. Nilipiga simu."

"Walisema tuzime. Hakuna aliyesema tuwashe." Akasogeza mkoba. "Kaa."

Akakaa. Konda wa gari hilo, Sedekia, alikuwa nje anaita watu.

"Kijana yule ni mwema," alisema Severina. "Nilipotoka nikakuangalia sikukuona, nikasimama. Akanifuata. Akasema, mama, wewe una uso wa safari, njoo ukae hapa mbele. Akasema unafanana na bwana mmoja wa Kabwe. Nikamuuliza huyo bwana anafanya kazi gani. Akasema, anakaa."

Marcelino alitazama viatu vyake.

"Nikamuuliza, anakaa anasubiri nini? Akasema, hasubiri, mama, anakaa tu, ndiyo kazi. Akasema hajawahi kuona mtu anayekaa vizuri kama yeye."

"Ni mimi, dada."

"Najua ni wewe. Tangu mdogo ulikuwa unakaa vizuri. Nilikuwa nakuacha chini ya meza, narudi jioni nakukuta." Akalitazama sanduku. "Na zile barua za vijana?"

"Ziko humu."

"Na nini kingine?"

"Maganda ya mahindi."

Severina akaliinua sanduku kwa kidole kimoja, akaliweka chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Marcelino alidhani analia, akashika kitambaa, lakini dada yake alikuwa anacheka, kicheko kile cha zamani cha bila sauti, mpaka machozi.

"Jumamosi hii wangekuwa wanaomba mvua ipungue ili uone vizuri kuzishusha," alisema akijifuta. "Miaka yote hii. Mpaka mimi."

"Utawaambia?"

Mlangoni walikuwa wanaingia watu. Bertha kwanza, kisha mzee na kiroba, kisha sururu, kisha wengine, wakabanana. Walikuwa wamekwisha kuuona uwanja wa ndege, ulikuwa saruji na majani, na sasa walitaka kurudi mjini kabla magari yao hayajakosa watu. Wakaulizana kwa kunong'ona: ndiye yeye? Wakaanza kumsalimia mmoja mmoja. "Shikamoo mama." "Karibu Mbeya, mama." "Pole na safari, mama." Mzee wa Ubaruku, ambaye hakuwa na shikamoo ya kutoa kwa umri wake, akampa konzi ya mchele kutoka kwenye kile kiroba, wa kwanza kutolewa humo kwa miaka mitatu.

Ng'ambo ya pili Kulwa alikuwa amesimama mlangoni mwa koasta yake tupu, anatazama kulia na kushoto, anatafuta wa kumkalia.

Gari likajaa. Hapo akaja mtu mmoja anakimbia kutoka ofisi za mizigo, na Sedekia, bila hata kuangalia, akagonga kioo cha kiti cha tatu kwa kidole, mara tatu. Magoti ya Marcelino yakanyooka yenyewe. Alikuwa ameshainuka nusu aliposikia koti linavutwa.

"Huyu hashuki," alisema Severina kupitia dirishani.

"Mama, ni utaratibu tu, yeye anaelewa."

"Na mimi nimeelewa. Huyu ana dada yake humu. Ondoa gari."

Gari likaondoka. Walipofika barabara kubwa Severina akageuka nyuma, akawatazama wale watu wote waliolowa, wengine wameshaanza kusinzia kwa kweli.

"Wote hawa walikuja na wewe?"

"Wote."

"Kunipokea mimi?"

Marcelino alifikiri. "Ilitokea hivyo."

"Basi watakaponiuliza Mlandege nitawaambia ukweli," alisema Severina. "Nimeshuka kwenye ndege, nimemkuta uwanjani, kaja na basi zima la watu kunipokea, mpaka na mchimba dhahabu." Akaweka ile konzi ya mchele vizuri ndani ya mkoba. "Hizo barua utanipa nirudishe. Nitasema nafasi zimejaa."